IST namba D, kilomita 78,400: niichukue au niiache?

Mwalimu_Kilosa

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu, nipo Kilosa, na hii itakuwa gari yangu ya kwanza, kwa hiyo mnivumilie. Jana Jumamosi nilishuka Dar, nikaenda yadi moja niliyoelekezwa na mtu. Nikaonyeshwa Toyota IST ya 2005, cc 1290, nyeusi, namba D, inang'aa hadi unajiona. Mita inasoma 78,400. Walianzia milioni 11 na nusu, tukavutana hadi 11. Nimeacha laki 5 ya kushikilia, risiti nimeandikiwa kwa mkono.

Yapo mambo yananinyima usingizi. Nilipofungua mlango wa dereva niliona kikaratasi kimebandikwa kwenye nguzo, maandishi ya Kijapani, ila tarakimu zinasomeka: 131,500. Nikakipiga picha. Nilipomuuliza kijana wa pale akacheka, eti ni namba ya simu ya gereji ya huko Japani. Halafu kadi ina jina la mama mmoja ambaye "ametuachia tumuuzie", na hiyo kadi nimeiona kwenye simu tu. Nikipiga, naambiwa nikamilishe haraka maana kuna jamaa wa Mbeya anakuja Alhamisi na pesa mkononi.

Kilichonipa moyo ni fundi niliyemkuta palepale. Alinihakikishia injini haijawahi kufunguliwa na mkanda wa taiming umebadilishwa juzijuzi.

Pesa yenyewe ni mkopo wa mshahara, nitakatwa miaka 5. Nishaurini.

Bushi_Imekufa

Namba ya simu yenye tarakimu sita? Huko Japani wanapigiana simu au wanarushiana kokoto? Kimbia mkuu.

Winga_Mstaafu

Mwalimu, nimesimama yadi miaka minne kama winga, yaani dalali wa magari, kwa hiyo ninayokwambia nimeyafanya kwa mikono yangu.

Hicho kikaratasi ni cha kubadilisha oili. Gereji za Japani hubandika mlangoni au chini ya boneti, wanaandika tarehe na kilomita. Gari ikitoka bandarini kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuvibandua, tunapasha na mashine ya kukaushia nywele ili gundi isibaki. Wa kwako wamepitiwa. Mita ya dijitali kijana mwenye kompyuta anairudisha wewe ukiwa bado unakunywa soda uliyokaribishwa. Na hata hiyo 131,500 usiishike kama ndiyo kweli: ilisomwa gari ikiwa bado Japani. Usajili wa namba D maana yake imeshatembea barabara zetu miaka kadhaa juu ya hapo.

Mkanda wa taiming sasa. IST ya cc 1290 ina injini ya 2NZ. Haina mkanda, ina cheni. Fundi wako kabadilisha kitu ambacho hakipo! Fundi uliyemkuta yadi ana cha juu chake. Mimi nilikuwa nampa elfu 30 gari ikitoka, elfu 50 kama mteja alikuwa mbishi.

Jamaa wa Mbeya namfahamu. Enzi zangu alikuwa anatokea Dodoma.

Mteja tuliyekuwa tunamwogopa ni mmoja: anayeibuka asubuhi bila kupiga simu, kaja na fundi wake, injini ikiwa ya baridi. Ukitoa taarifa utaikuta inaunguruma, na injini ikishapata moto inaficha mengi. Moshi wa bluu wa kuwashia umeshapita, mlio wa cheni iliyolegea umeshatulia. Ndani tumeshaweka oili nzito. Kwa hiyo shika boneti kwanza. Ikiwa ya moto, waambie unakwenda kunywa chai, unarudi ikipoa. Halafu fungua swichi bila kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, kuna mtu kaitoa au kaiziba. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake, unuse, utazame kama una mstari wa tope, maana gari zilizooga mafuriko zinasafishwa kila mahali isipokuwa hapo. Na huko kung'aa kusikulevye. Gari ya 2005 inayong'aa hivyo imepigwa rangi, uliza kwa nini. Beba sumaku ndogo, pitisha kwenye milango na juu ya matairi. Panapokataa kushika, chini yake kuna pati ya kuzibia palipobonyea.

Niliacha kazi ile kwa sababu ya Noah. Gia boksi yake ikipata moto ilikuwa haipandi mlima, nami nilijua, nikamzungusha mzee mmoja kwenye lami ya tambarare robo saa, akalipa. Alinipigia akiwa Soni, njiani kwenda Lushoto, gari imegoma na familia imo ndani. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, sasa nifanyeje?" Nilizima simu.

Dada_Mikopo

Mnahangaika na injini, mimi ingenitisha kadi. Nimefanya kazi kampuni ya mikopo. Kadi halisi inakaa kwenye kabati letu kama dhamana, mwenye gari anakwenda kutangaza imepotea, anapata nyingine, gari inauzwa. Baadaye wewe upo darasani unafundisha, breki-dauni inavuta gari yako mbele ya wanafunzi.

Huyo mama umwone kwa macho, akiwa na kitambulisho chake cha NIDA na kadi halisi, na hela isitoke kabla TRA hawajakuhakikishia kuwa gari ni yake. Namba ya chasisi isomeni kwenye chuma, siyo kwenye karatasi; ya cc 1290 inaanza na NCP60. Faini za trafiki unaziangalia mwenyewe kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, usije ukarithi madeni. Na wakikuambia bei imejumuisha "road license", wacheke tu, ile ada ya kila mwaka ilifutwa 2017.

Laki 5 idai. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba, na hiyo picha yako ndiyo shahidi. Itume kwa mtu mwingine leo hii, isibaki kwenye simu moja.

Mwalimu_Kilosa

Wakuu, mrejesho. Niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, Jumatano saa moja na nusu asubuhi tukawa getini, mimi na fundi niliyetoka naye Morogoro. Walishtuka. Kikaratasi hakipo, imebaki alama ya gundi. Boneti ya baridi. Ilipowashwa tu ikalia kama sarafu kwenye kopo, kijana akaanza kuongea kwa sauti kubwa kuifunika. Fundi wangu ni mtu wa maneno machache. Alipitisha sumaku ubavu wa kushoto wote, haikushika popote, akanirudishia mkononi, akauliza hapa jirani wanauza wapi chapati.

Mama mwenye kadi hakupatikana, eti amesafiri.

Nimerudishiwa laki 3. Laki 2 wamekata ya "usumbufu", bado nazifuatilia. Winga, ulichosema kuhusu jamaa wa Mbeya nimekiona: nilipotoa picha ya kile kikaratasi, hakutajwa tena.

Leo Ijumaa shemeji kanitumia tangazo. IST ileile nyeusi, ubavu wa kushoto umepigwa picha vizuri sana. Kilomita 64,000.