MREJESHO: Kiwanja cha Nala hatukiuzi

Wakuu, niliuliza kama tuuze kiwanja cha Nala tumpeleke dada Ubelgiji akatibiwe maltipo sklerosisi (ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia neva) kwa seli. Hatuuzi. Daktari wa mishipa ya fahamu hapa Dodoma kanifafanulia: wanamtoa mgonjwa damu, wanakuza seli za dendriti (seli za kinga zinazozifundisha nyingine) kwa vitamini D3, wanazipa vipande vya mayelini (lile ganda la neva linaloshambuliwa), kisha wanamrudishia ili kinga ijifunze kuliacha. Majaribio ya Antwerp (huko Ubelgiji) na Badalona (Hispania) yalikuwa awamu ya kwanza, yaani kupima usalama kwa watu wachache. Si tiba ya kununua! Na wewe uliyenifuata inboksi na bei ya seli shina, hizo ni seli nyingine kabisa. Dada anaendelea na dawa zake; jua la saa nane tu ndilo linamlegeza miguu.