Nimepaka mbegu bakteria, mzizi mkuu umekuwa mfupi. Nimeharibu?

Mche_Mmoja
Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa anayeyajua haya mambo. Nimeotesha mahindi kwenye makopo 12, sita mbegu nimezipaka bakteria wa Azospirillum, sita sijaweka kitu. Leo siku ya 12 nimeng'oa mche mmoja kila upande nikaiosha taratibu kwenye ndoo. Ule wenye bakteria mzizi mkuu mfupi, unazidiwa na mwenzake karibu nusu, ila una vijizizi vingi vya pembeni na vinyweleo mpaka udongo umeushika kama soksi, natikisa hautoki. Ule mwingine mrefu, umenyooka, msafi. Sasa mimi nilijua bakteria wanarefusha mizizi, imekuwaje tena? Nimezidisha dozi?

Shamba_Darasa
Mkuu usiitupe hiyo miche! Hiyo soksi ndo kazi yenyewe. Mzizi unatoa sukari na asidi, bakteria wanakuja kula, na wao wanatengeneza oksini, homoni ile ile ambayo mmea unaitumia kuamua mzizi utokee wapi. Oksini ikiongezeka mzizi mkuu unabanwa, lakini mizizi ya pembeni inaamka na vinyweleo vinakuwa vingi na virefu. Na wewe unataka vinyweleo, kwasababu fosforasi haitembei udongoni kama naitrojeni, imekaa pale pale mzizi uifuate wenyewe. Mzizi mmoja mrefu uliopita katikati umeacha chakula kibao pembeni.
Ila la dozi usilipuuze, bakteria wakizidi sana oksini inakuwa nyingi mno na mizizi yote inadumaa, ya pembeni nayo. Kama ya pembeni ipo mingi hivyo basi hujafika huko.

Bi_Mboji
Naongezea kwa Shamba_Darasa. Hata uliyosikia kwamba wanarefusha ni kweli, ila ni kwa njia nyingine. Mmea ukibanwa na ukame, chumvi au maji yaliyotuama unatengeneza ethilini nyingi, gesi ambayo nayo ni homoni yake, na ethilini ikizidi mizizi inagoma kurefuka. Wapo bakteria wenye kimeng'enya cha kuvunja malighafi ya ethilini kabla haijawa ethilini, wanaipata mizizini wanaigeuza chakula chao, basi breki inalegea mzizi unaendelea. Ndo maana kwenye kopo unalolimwagilia kila siku tofauti hii unaweza usiione kabisa, kwenye mche wenye kiu ukaiona.

Mche_Mmoja
Asanteni sana, nimepumua. Je na maharage nipake hawa hawa?

Bi_Mboji
Hapana mdogo wangu, maharage yana wa kwao, rizobia. Hao hawabaki nje, wanaukunja unyweleo kwenye ncha kama ndoano wanaingia ndani, mmea unawajengea vinundu mizizini wakae humo wanautengenezea naitrojeni ya hewani. Mwanasayansi Mholanzi Beijerinck aliwatenga 1888, si jambo geni. Ukitaka kujua kama wanafanya kazi pasua kinundu kwa kucha, kikiwa chekundu au pinki ndani kipo kazini, kikiwa cheupe au kijani hakuna kitu. Na usimwage mbolea nyingi ya naitrojeni, mmea ukishiba unaacha kujenga vinundu.

Nusu_Eka
Mimi niseme jambo moja, mche mmoja kila upande haitoshi kuamua. Subiri wiki mbili tatu, ng'oa yote iliyobaki, kausha mizizi upime uzito. Halafu kwenye kopo hawa bakteria wageni hawana upinzani kama shambani, shambani wanakutana na wenyeji waliozoea udongo ule na mara nyingi wageni wanapotea. Na kama mbegu zilikuja na dawa ya ukungu angalia, dawa nyingine zinaua na hao bakteria uliowapaka. Mimi nilizipaka nikazianika juani zikauke, jua likawamaliza, nikabaki nalaumu bakteria msimu mzima.

Mche_Mmoja
Nimekupata, nilianika kivulini bahati nzuri. Yaliyobaki matano matano nayaacha, nitayang'oa siku ya 30 niweke picha na uzito hapa hapa.