Naomba ushauri: kaka anaamini amefilisika na anasikia sauti ya marehemu baba

Mleta mada

Habari zenu, wana jukwaa. Kaka yangu ana miaka 46 na anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Kwa miezi mitatu sasa amekonda, huamka saa tisa usiku akakaa kitandani hadi kupambazuke, wala hasemi neno asipoulizwa. Wiki mbili hizi ameanza kudai kwamba amekula fedha za wavuvi wa Ukerewe, kwamba polisi wako njiani, na kwamba marehemu baba humwambia hastahili kuishi. Mimi na shemeji tumelipitia daftari lake la madeni ukurasa kwa ukurasa, na hadaiwi hata shilingi. Zahanati moja ilimpa amitriptilini, dawa ya sonona, peke yake, naye ameimeza siku kumi bila nafuu. Wazee wa ukoo wanasema ni mizimu, apelekwe kwa mganga Sengerema. Je, hii ni sonona au ni wazimu?

Mchangiaji wa kwanza (muuguzi, Nyegezi)

Pole sana, ndugu yangu. Daktari ndiye atakayethibitisha, lakini unayoyaeleza yanafanana mno na sonona kali yenye saikosisi, yaani mtu huamini yasiyo ya kweli au husikia sauti zisizokuwepo. Angalia jinsi imani zake na sauti anayoisikia zinavyokwenda na huzuni yake: hatia, ufukara, adhabu. Hilo deni halikumletea ugonjwa. Ugonjwa ndio uliolizaa deni, na ndiyo maana daftari halikumtuliza.

Kwa hali hii dawa ya sonona peke yake mara nyingi haitoshi, na siku kumi bado ni chache. Kwa kawaida huunganishwa na dawa ya saikosisi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wenye wagonjwa 259, takriban asilimia 42 ya waliopewa olanzapini (dawa ya saikosisi) pamoja na sertralini (dawa ya sonona) walipona dalili, ilhali kwa waliopewa olanzapini bila sertralini walipona takriban asilimia 24. Msimwongezee dawa wenyewe. Daktari atataka kwanza kujua kama anakunywa pombe, kama amewahi kuwa na vipindi vya uchangamfu uliopita kiasi, na kupima malaria, VVU, kaswende, sukari na tezi ya shingo, kwa sababu baadhi ya magonjwa hayo huweza kuleta dalili za namna hii.

Kinachonitia hofu ni ile sauti. Mpelekeni hospitali ya Bugando au Sekou Toure leo hii, msingoje Jumatatu. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Asiachwe peke yake, na dawa azitunze shemeji, maana amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mara moja ni hatari kwa moyo.

Mchangiaji wa pili (Igoma)

Mama yangu mzazi aliugua hivyo hivyo, akiamini kwamba matumbo yake yameoza. Nilibishana naye kila siku mpaka akaniona nami ni mmoja wa wanaomficha ukweli. Baadaye nilijifunza kumwambia, “Mama, naona unavyoogopa, niko hapa,” bila kukubali wala kupinga. Alipokataa kabisa kula, madaktari walimtibu kwa umeme akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Watu huiogopa tiba hiyo, lakini kwake ilifanya kazi upesi kuliko vidonge vyote.

Kosa letu lilikuja baadaye: alipopata nafuu tulimwachisha dawa ya saikosisi wenyewe, na ugonjwa ukarudi. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba katika wiki 36, takriban asilimia 20 ya walioendelea na olanzapini waliugua tena, na kwa walioachishwa waliugua tena takriban asilimia 55. Dawa hiyo huongeza uzito na inaweza kupandisha sukari, kwa hiyo muda wa kuimeza apange daktari.

Wazee msigombane nao. Waombeni wasimame na kaka wodini, na dua waifanyie hapo hapo.

Mleta mada

Nimemuuliza. Amejibu kwamba ndiyo, amefikiria. Shemeji ameshachukua vidonge, baba mdogo amekubali kufuatana nasi, na sasa hivi tunatoka kwenda Bugando.