Divisheni 4 ya pointi 28, nataka kazi ya IT ya kuanzia. Niingilie mlango upi?

KijanaNyegezi:

Wakuu, habari za majukumu.

Niko Mwanza, umri miaka 23. Kidato cha nne nilipata divisheni 4 ya 28: Kiswahili C, masomo matano D, hesabu F. Chuo sikwenda kwa sababu hela haikuwepo, na nyumbani niliambiwa nijitafutie. Nikaangukia kwenye steshenari huku Nyegezi, wateja wetu wengi ni wanachuo. Ninachokijua chote kuhusu kompyuta nimekiokota hapo.

Kazi zangu ni kuchapa, kutoa kopi, kupiga Windows laptopu za wanachuo, kuokoa mafaili kwenye flashi zilizojaa virusi, kuzibua printa. Msimu wa mikopo ukifika najazia watu fomu za HESLB mpaka usiku. TIN za TRA na majina ya biashara BRELA nafanya pia. Bosi alipoongeza kompyuta, kebo nilivuta mimi na zote nikaziunganisha na printa moja. Halafu kuna mama jirani mwenye duka la vipodozi, nimemfungia kamera nne, anaangalia duka lake kwenye simu akiwa Sengerema.

Kinachoniuma ni hiki. Kutwa nawatumia watu maombi ya kazi kwenye Ajira Portal, ule mfumo wa serikali wa maombi ya ajira. Mtu ana digrii ya kompyuta, anakuja nimpunguzie ukubwa wa PDF ya cheti chake ili mfumo uipokee. Ukipokea ananipa buku langu, anashukuru, anaenda zake kusubiri kuitwa kwenye usaili. Mimi nikifungua akaunti yangu sina cha kupakia.

Naomba mawazo. Kazi ya kuanzia, iwe ya kusaidia watumiaji wa kompyuta ofisini au ufundi wa mitandao, inapatikana bila diploma? Au nijibane nirudi shule kwanza? Mtandaoni kila mtu ananiambia lake, huyu CCNA (cheti cha mitandao cha Cisco), yule jifunze kuandika programu. Nawasilisha.

Dokta wa Kibatari:

Dogo unahangaika bure. Mjini kuna watu wanakuchapia diploma nzuri kuliko ya chuo chenyewe. Na wewe uko steshenari, kwani mashine huna?

Chumvi na Kebo:

Dokta, utani wako utampeleka mtoto wa watu jela. Aprili 2017 walitangazwa watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, na humo walikuwemo watu waliokwishajenga na kusomesha kwa kazi hizo. Tuendelee.

Dogo, mimi niko Unguja, upande wa Paje, naangalia mitandao ya hoteli. Matokeo yangu ya kidato cha nne hayapishani sana na yako. Nilianzia Kariakoo, nabebea mafundi mabunda ya kebo na kutoboa kuta, nalipwa kwa siku. Kwa hiyo nitakayokwambia hayatoki kwenye semina.

Ajira Portal, mabenki na kampuni za simu ziweke pembeni kwa sasa. Huko cheti ndicho chujio la kwanza, na hata ungekuwa hodari namna gani hakuna atakayefika kwenye ukurasa unaosema hivyo. Nenda kwa watu ambao kitu kikizima saa nne asubuhi, saa tano wanaanza kuhesabu hasara. Ninawasema wanaofunga kamera na intaneti za majumbani, wanaouza mashine za EFD (za risiti za kodi) na mifumo ya mauzo ya madukani, hoteli, shule binafsi, zahanati, SACCOS. Mwanza yako imejaa watu hawa. Na karibu wote hawatangazi nafasi. Mwenye kampuni ana mafundi wawili na gari moja, kazi zikimzidi anapiga simu kuuliza nani anamfahamu kijana anayejua kubana RJ45, vile vichwa vya kebo ya mtandao. Lengo lako ni jina lako litajwe kwenye simu hiyo.

Kwa hiyo usiende na bahasha ya kaki. Nenda dukani kwao, nunua hata paketi ya vichwa vya RJ45, zungumza na fundi, sema uko tayari kwa deiwaka siku za wikendi. Wiki ambayo fundi wao mmoja anaumwa, utaitwa. Ukishapanda ngazi pamoja nao mara kadhaa, suala la cheti halizungumzwi tena.

Sasa hizo kamera nne za mama wa vipodozi. Umeziandika mstari mmoja kama jambo dogo, wakati ndiyo CV yako yote. Rudi pale, muombe ruhusa upige picha: kamera zilivyokaa, kebo zilikopita, kisanduku cha kurekodia na umeme wake. Kisha andika ukurasa mmoja. Tatizo la mteja lilikuwa nini, umefunga nini, diski ya kurekodia ni ya ukubwa gani, picha zinakaa siku ngapi kabla ya kufutwa. Kama hilo la mwisho hulijui, kaangalie leo, maana ndilo swali la kwanza mteja atakuuliza siku akiibiwa. Weka na namba ya huyo mama, akikubali. Mashine zako za steshenari ulizounganisha na printa fanya vilevile, na uchore ramani yake hata kwa mkono.

Kuhusu nini cha kusoma. CCNA ni nzuri lakini mtihani wake ni dola 300, na kwa mshahara wa steshenari huo ni mzigo ambao hauna sababu ya kuubeba sasa. Maarifa yake yapate bure: Cisco wanatoa Packet Tracer bila malipo ukijiandikisha kwenye akademia yao ya mtandaoni, unajenga mtandao mzima kwenye skrini. Ila kwa soko letu hili mimi ningeanza na ruta za MikroTik. Intaneti nyingi za mitaani, hoteli na hosteli zinapita kwenye viboksi hivyo, na mafundi wanaovielewa kweli, siyo wa kubahatisha, bado ni wa kutafuta. RouterOS, mfumo unaoviendesha, ina toleo la kuendesha ndani ya kompyuta, linaitwa CHR. Bila leseni linabanwa kwenye Mbps 1 kwa kila mlango, na kwa kujifunzia haikusumbui kabisa.

Halafu kuna mambo ambayo huyakuti kwenye video za YouTube za Wazungu. Niliwahi kuitwa kwenye duka ambalo kamera zake zilikuwa zinazima kila usiku, asubuhi nzima zinafanya kazi. Mwenye duka alishaanza kumshuku mlinzi. Kumbe fundi aliyetangulia aliweka kebo ndefu ya bei chee, ile ya aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Mchana umeme unatosha. Giza likiingia kamera inawasha taa zake za infraredi, inataka umeme zaidi, kebo haifikishi, kamera inazima. Huku kwetu pwani adui ni chumvi, inakula pini za RJ45 mpaka zinageuka kijani. Kwenu ziwani adui ni radi, ikipiga karibu inasafiri kwenye kebo iliyotoka jengo moja kwenda lingine na kuua swichi na kila kilichochomekwa. Ukiweza kumweleza mteja kwa nini kati ya majengo mawili unataka kupitisha faiba badala ya shaba, umeshampita mwenye digrii ambaye hajawahi kuona swichi iliyoungua.

Na usaili wa kazi hizi huwa ni swali moja tu kwa sura tofauti: "Mtu anasema hana intaneti, unaanzia wapi?" Usikimbilie kusema nitawasha upya ruta. Uliza ni yeye peke yake au ofisi nzima. Angalia taa kwenye mlango wa kebo. Andika amri ya ipconfig inayoonyesha anwani ya kompyuta, ukikuta anwani inayoanza na 169.254 ujue hiyo kompyuta haijapewa anwani na ruta, anza kufuata kebo. Kama anwani ipo, piga ping (amri ya kupima kama kifaa kinajibu) kwenye ruta, kisha 8.8.8.8 ya Google huko nje. Hiyo ikijibu na tovuti hazifunguki, shida iko kwenye DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Ukiyasema haya kwa mpangilio, ukiwa umewahi kuyafanya, utaona anayekuhoji anaweka kalamu chini.

Mama Mipango:

Nimesoma nikaona nichangie, maana mimi nakaa upande wa pili wa meza. Ni mhasibu na msimamizi wa utawala kwenye hospitali binafsi huku Moshi. Tukihitaji mtu wa kompyuta barua zinaletwa kwangu.

Chumvi na Kebo kasema kweli kwa sehemu kubwa. Barua ninazopokea zinafanana zote, kila mtu "anajua Word, Excel na PowerPoint". Mwanangu, hivyo viondoe. Mwaka jana tulikuwa na shida ya Windows 10, si unajua Microsoft walisitisha kuihudumia Oktoba 14, 2025. Mkurugenzi akataka kujua kompyuta zipi zinakwenda Windows 11 na zipi tununue mpya. Nikawaita vijana wawili. Wa kwanza ana diploma, akasema zote zinawezekana mama, niachie mimi. Wa pili hana cheti chochote cha kompyuta, akaniuliza prosesa ni kizazi cha ngapi, kisha akaomba dakika chache azizungukie. Akarudi na karatasi: hizi za Intel ya kizazi cha nane na kuendelea zinapita, hizi ni za zamani, na hii moja inayo TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, ila imezimwa, inawashwa tu. Nikamchukua wa pili, kwa mkataba wa miezi mitatu, tukauongeza.

Lakini kwenye shule napingana na kaka hapo juu, maana kalipita kimya. Huyo kijana wetu sasa hivi anafanya kazi za watu wawili, na ilipofika kupanga ngazi za mishahara nilikosa pa kumuweka. Bodi inauliza sifa zake, nami nabaki natafuta maneno. Kwa hiyo, mwanangu wa Nyegezi, hesabu vizuri ulichonacho: C moja na D tano ni ufaulu wa masomo sita. Ngazi ya cheti, ile NTA Level 4 chini ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, inataka ufaulu wa masomo manne, ukiondoa ya dini. Wewe unaingia. Baadhi ya vyuo wataulizia hesabu au fizikia, lakini si vyote, soma mwongozo wa udahili kabla ya kulipa chochote. Tafuta chenye masomo ya jioni. Kazi usiiache.

Na ukiona "tangazo la kazi" linalodai hela ya fomu, ya mafunzo au ya sare, funga simu. Hakuna mwajiri wa kweli anayelipwa na mwombaji.

Chumvi na Kebo:

Mama Mipango nakubali, la shule nililikwepa. Mimi cheti nilikuja kukitafuta nikiwa nimeshaoa, unakaa darasani na watoto wanakuita anko. Dogo, msikilize huyu mama.

Niongeze kuhusu "kujitolea". Kuna maofisi yatakwambia njoo ujifunze, nauli juu yako, nafasi ikitoka tutakufikiria. Mwezi mmoja sawa, kama kweli unaguswa na vifaa. Ukiona unatumwa chai na kupeleka barua, huko hujifunzi mtandao.

KijanaNyegezi:

Nashukuru sana, kaka na mama. Nimeenda kwa mama wa vipodozi jioni hii hii. Picha zinakaa siku tisa tu, kumbe niliacha irekodi muda wote kwa ubora wa juu. Amekubali niweke namba yake, na amesema mdogo wake ana famasi Buhongwa anataka kamera pia.

Hilo la masomo manne simjui aliyenificha! Miaka yote hii nilijua divisheni 4 haiendi popote zaidi ya VETA.

Maswali mawili ya mwisho. Famasi nimtoze vipi, maana yule wa kwanza nilimfanyia kishikaji? Na ruta ya kujifunzia ipi, CHR laptopu yangu ya RAM 4 inaanza kulia.

Chumvi na Kebo:

Vifaa anunue yeye, nendeni dukani pamoja, risiti iwe ya jina lake. Wewe toza ufundi tu, kwa kila kamera, na kebo kwa mita unazovuta, umwandikie kabla hujagusa drili. Nusu ya ufundi ichukuliwe mwanzo. Ziara moja ya bure ndani ya mwezi, baada ya hapo kila kuitwa kuna bei yake. Kishikaji kiishie kwa dada mtu.

Siku tisa zirefushe: weka irekodi pale tu kitu kikitembea, na upunguze fremu kwa sekunde. Hakikisha na saa ya kile kisanduku ni sahihi, polisi huwa wanaiuliza.

Ruta chukua hAP lite, hata iliyotumika, ni miongoni mwa zile ndogo kwenye familia ya MikroTik na ina karibu kila kitu utakachohitaji kujifunza. Kabla ya kulipa muombe muuzaji airudishe kwenye mipangilio ya kiwandani mbele yako. Nyingine zimefungwa na kampuni ya intaneti iliyokuwa inazitumia, utabaki na kiboksi cha kushikia mlango.

Dokta wa Kibatari:

Mimi natafuta wa kunifungia kamera Kirumba, kuna mtu ananiibia kuku. Dogo nicheki PM, na mimi nusu nalipa mwanzo.