Je, kangaruu huzaa na kuishi vipi?

Mwalimu, Ilemela: Habari za jioni, ndugu zangu. Tulipowapeleka wanafunzi Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, mmoja wao aliniuliza kwa nini kangaruu hawapatikani kwetu na mtoto wake huingiaje mfukoni. Naomba maelezo ya uhakika.

Mdau, Nyegezi: Mwalimu, makao yao ya asili ni Australia, na wale wapandao miti hupatikana pia New Guinea, nchi hizo zimetengwa na Afrika kwa bahari tangu mamilioni ya miaka iliyopita. Uzazi wao ndio unaonistaajabisha zaidi. Kangaruu mwekundu hubeba mimba kwa siku 33 hivi, kisha huzaa kichanga kisichofikia gramu 1, kipofu na kisicho na manyoya, ambacho hujivuta chenyewe kwa miguu ya mbele juu ya tumbo la mama hadi mfukoni, kikashika chuchu, nayo ikavimba kinywani kisiweze kudondoka. Hukaa humo takriban miezi 8. Mama huweza kunyonyesha watoto wawili wa umri tofauti, kila mmoja akipata maziwa yanayolingana na umri wake. Waeleze wanafunzi hilo, tafadhali!

Mfugaji, Magu: Naongezea kwamba hula majani, hasa jioni na alfajiri. Jua likiwa kali hulamba mikono yao, na mate yanapokauka huipoza damu iliyo karibu na ngozi. Wakitembea polepole wakila, mkia huwasukuma mbele kama mguu wa tano.