MJADALA: Mzee asiye na cheti, umri wake tuuamini?

Mwanzisha mada (Ujiji):
Ndugu zangu, akifariki mzee mkongwe huku Kigoma, msibani hutangazwa miaka 125, hata 130. Nasema tuache kutaja umri tusioweza kuutetea. Najua itawauma wengi.

Mwanamume aliyeishi miaka mingi kuliko wote kwa ushahidi ni Jiroemon Kimura wa Kyoto, Japani. Alizaliwa 19 Aprili 1897, akafariki 12 Juni 2013: miaka 116 na siku 54. Alikuwa mtu wa posta, akastaafu 1962, kisha akashika jembe hadi anakaribia miaka 90. Mwenyewe alisifu kula kidogo. Lakini rekodi hakupewa na chakula, alipewa na daftari: Japani iliandikisha kaya zake tangu 1872. Sasa mzee wa 130 wa Kasulu amempita Kimura kwa miaka 14, na amempita hata Jeanne Calment wa Ufaransa aliyefika 122. Hilo ni dai zito mno kulisema bila kitu mkononi.

Mchangiaji (Tabora):
Mkuu, mwaka 1897 huku nani alikuwa anaandika watoto? Ni miaka minne tu tangu Mtemi Isike ajilipue kwa baruti hapa Tabora asishikwe na Wajerumani. Wazee wetu walizaliwa katika vurugu hizo, leo unawadai cheti! Na hao Wajapani, 2010 si walimkuta mzee wa Tokyo aliyehesabiwa miaka 111, kumbe ni mifupa kitandani, amekufa miaka kama 30 nyuma na pensheni yake inaliwa? Karatasi nayo hudanganya. Babu yangu yupo Ipuli, tunamhesabia 118, na simvunjii heshima kwa kumtilia shaka.

Mwanzisha mada:
La karatasi nakubali, umenishika. Ila kuuliza si kumvunjia mtu heshima.

Marehemu babu yangu mzaa mama alikulia karibu na mdomo wa Malagarasi. Alisema alikuwa mchunga mbuzi "meli ya Wajerumani ilipozama", ile Goetzen tunayoiita Liemba. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, basi ukoo mzima ukahesabia hapo. Siku moja nikamuuliza: babu, uliona nini hasa? Akaeleza chuma kinavyopanda kutoka majini na tope linavyomwagika. Huko si kuzama, ni kuibuliwa, na Waingereza waliiibua 1924. Miaka minane ikapukutika kwa swali moja. Babu hakudanganya hata kidogo. Kuzama alikusimuliwa, kuibuka alikuona, na sisi tulikuwa hatujawahi kumuuliza kwa utulivu.

Kwa hiyo sidai cheti cha 1897. Nadai mjukuu akae na daftari mzee angali hai, atenganishe alichokiona na alichosikia, aandike na majina ya wenzake wa jando. Reli ilifika Tabora 1912. Huyo babu wa Ipuli anaikumbuka siku hiyo, au alisimuliwa na baba yake? Nenda kamwamkie, umuulize, kisha utuletee jibu hapa.