MJADALA: Riwaya ya mauaji ya kijijini, mpelelezi atoke mjini au awe wa hapohapo?

Mleta mada

Wadau wa riwaya za upelelezi, nina hoja. Hadithi zetu nyingi zikifika kijijini zinakuja na inspekta wa mjini. Anashuka kwenye Land Cruiser, anahoji watu wanne, siku ya tatu muuaji kapatikana. Wanakijiji kazi yao ni kupiga yowe na kutetemeka. Nasema wazi: huo ni uvivu wa mwandishi, na unawadhalilisha watu wa kijijini.

Kijiji cha Tanzania kina utawala wake: mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, mgambo, na kule Usukumani na Unyamwezini kuna sungusungu, vikundi vya wananchi vya ulinzi, walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kutambuliwa na sheria mwaka 1989. Maiti ikionekana korongoni alfajiri, hao ndio wanaotangulia kufika. Polisi watakuja jioni, au kesho yake kama mvua imekata barabara. Saa hizo za katikati ndizo riwaya yenyewe: nani alikanyaga pale, kanga iliyomfunika marehemu ni ya nani, nani alikuwa wa kwanza kusema "tumzike mapema".

Mhariri wa Hadithi

Mkuu, napinga. Msomaji anahitaji mgeni. Wanakijiji hawaulizani nani mtoto wa nani wala mpaka wa shamba uko wapi, wanajua tangu utotoni. Mgeni akiuliza, msomaji naye anapata jibu bila mwandishi kuhutubia. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, alitufundisha hilo tangu 1960: maiti imekutwa kwenye mzimu, wenyeji wanaogopa mahali penyewe, na anayetoboa siri ni mtu asiyeogopa. Ukimwondoa mtu wa namna hiyo, hofu ya kijiji inaifunika kesi nzima.

Halafu hao sungusungu unaowasifia wana fimbo. Utaandikaje upelelezi ambao mtuhumiwa anachapwa mpaka akubali?

Wakili wa Kanda ya Ziwa

Ndugu Mhariri, fimbo hiyo ndiyo inayotia kesi utamu. Kukiri mbele ya raia, hata kwa mdomo tu, kunaweza kumtia mtu hatiani Tanzania, ila lazima awe amekiri kwa hiari. Likithibitika pigo, ungamo linatupwa. Kwa hiyo kamanda wa sungusungu mwenye hasira anaweza kumwokoa muuaji wa kweli kwa mkono wake mwenyewe. Sijaona riwaya iliyolitumia hilo vizuri, na inaniuma.

Mengine ambayo waandishi wanayakosea:

Utambuzi wa usiku. Tangu kesi ya mtu aitwaye Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1980, mahakama inauliza: mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, umbali ulikuwa hatua ngapi, shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, alimfahamu kabla? "Nilimwona kwa mwanga wa kibatari" haitoshi. Mwandishi akikiweka kibatari, aseme kilikuwa juu ya kinu au nyuma ya mlango.

Jina la kwanza kutajwa. Aliyepiga yowe alimtaja nani kwa majirani waliowahi kufika? Akikaa kimya usiku ule na kumtaja mtu kituoni baada ya siku mbili, wakili wa utetezi ataanzia hapo hapo. Kwa riwaya, swali la "mbona hukusema usiku ule?" ni sura nzima.

Saa nne za mahojiano. Polisi wana saa nne za msingi za kumhoji mtu tangu awe chini ya ulinzi, na zinaweza kuongezwa kwa utaratibu. Muda wa kumsafirisha kwenda kituoni, ambao hahojiwi, hauhesabiwi. Kijiji kikiwa mbali, safari hiyo inaleta ubishi mkubwa: alihojiwa ndani ya gari au hakuhojiwa?

Na tafadhali, msimpandishe mtuhumiwa wa mauaji mahakama ya wilaya akajibu "si kweli, mheshimiwa". Pale hatakiwi kujibu chochote, kesi husikilizwa Mahakama Kuu. Dhamana pia hakuna.

Tabibu wa Wilaya

Naongezea upande wa maiti. Daktari wa hadithi anagusa shavu na kusema "amekufa saa nne usiku". Haiwezekani. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 32, mwili haupoi kama vitabu vya nchi za baridi vinavyosema. Kukakamaa nako huanza mapema na kuisha mapema kwenye joto. Daktari makini hutaja kipindi, hataji saa.

Vielelezo vyenye damu havifungwi kwenye mfuko wa nailoni, vinavunda. Vikaushwe kivulini, viwekwe kwenye bahasha ya karatasi, na kila anayeipokea aandikwe jina na saa. Mgambo aliyelibeba panga chini ya kiti cha bodaboda ameharibu mnyororo huo wa makabidhiano bila nia mbaya.

Nyayo je? Katambuga hukatwa kwenye tairi kuukuu, kwa hiyo alama yake mchangani ni kashata za tairi, na jozi mbili mara chache hulingana: moja imekatwa katikati ya tairi, nyingine pembeni, kisigino kimeliwa upande mmoja, misumari imepigwa mahali tofauti. Fundi aliyezikata anaweza kuijua kazi yake. Huyo ni shahidi wa kijijini ambaye inspekta wa mjini hatamfikiria. Simu, kinyume chake, haisaidii sana: mnara mmoja wa kijijini unaweza kuhudumia kata nzima, kwa hiyo kusema simu "ilisoma mnara ule" ni kusema mtu alikuwa nyumbani kwao.

Mleta mada

Ahsanteni. Mhariri, kuhusu mgeni nina jibu: mtendaji wa kijiji. Ni mwajiriwa wa halmashauri, mara nyingi si mzaliwa wa pale, kwa hiyo ana haki ya kuuliza. Lakini anaishi pale, ananunua mboga pale. Anaandika barua za utambulisho, anajua nani ameuza ng'ombe ghafla. Mwenyekiti ni wa kuchaguliwa, anaogopa kura. Wagonganishe hao wawili juu ya maiti moja.

Mhariri wa Hadithi

Mtendaji nampokea, wazo zuri. Ila bado ramli. Ukiwaachia wenyeji kesi, sura ya pili mganga atataja bibi mwenye macho mekundu.

Wakili wa Kanda ya Ziwa

Amtaje, lakini mwandishi ajue kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu 1928. Ramli iwe tukio la kuchunguzwa: nani alimlipa mganga, kwa mbuzi wangapi, lini?

Mleta mada

Na macho ya bibi yamekuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi, miaka hamsini jikoni. Atakayeandika mauaji yake atuonyeshe shamba: ekari ngapi, limepakana na nani, mjane alikuwa analikalia kwa haki gani, na shemeji yupi alishaanza kulipima kwa kamba.

Mhariri wa Hadithi

Hapo kwenye shamba sina ubishi. Lakini huyo mtendaji akishamjua muuaji, atalala wapi usiku huo? Inspekta anapanda gari anaondoka. Wa kwako anabaki. Nijibu hilo kwanza ndipo nikubali yote.